SAS: kikosi kilichofunzwa na ulimwengu

Usiku wa tarehe 16 Novemba 1941 upepo ulivuma pwani ya Libya kwa nguvu ambayo mwalimu yeyote wa miamvuli angeiona na kuwaambia wanafunzi wake wakalale. Ndege tano aina ya Bombay ziliruka hata hivyo. Zilibeba askari zaidi ya 50 wa Kiingereza waliotakiwa kuteremka karibu na viwanja vya ndege vya Gazala na Tmimi, walipue ndege za Wajerumani na Waitaliano zikiwa zimeegeshwa, kisha watembee jangwani hadi mahali pa kuchukuliwa. Mashambulizi makubwa ya jeshi la Uingereza yalipangwa kuanza siku mbili baadaye.

Hawakulipua hata ndege moja. Waliofika chini salama walikokotwa na miamvuli yao juu ya mawe kama magunia. Silaha na mabomu vilidondoshwa katika makasha ya peke yake, na mengi hayakuonekana tena: huyu kapata baruti bila viwashio, yule kapata viwashio bila baruti. Kisha ikanyesha mvua kubwa, mabonde makavu yakajaa maji, na kile kidogo kilichopatikana kikalowa. Waliorudi hawakufika 25.

Hiyo ndiyo operesheni ya kwanza ya Special Air Service, SAS, kikosi ambacho majeshi ya nusu ya dunia yamekiiga. Wanaokitukuza huiruka sura hii haraka wafike kwenye ushindi. Ni hasara, kwa sababu karibu kila desturi ya kikosi hiki inayosifiwa leo, iwe doria ya watu wanne, mchujo wa milimani au mwenye ujuzi wa tiba ndani ya kila doria, ilizaliwa na kosa fulani lenye tarehe yake, na mara nyingi lenye makaburi yake.

Hesabu ya Stirling

Mwanzilishi, David Stirling, alikuwa luteni aliyelazwa hospitali mjini Cairo baada ya kujaribu kuruka kwa mwavuli na kuumia mgongo. Akiwa kitandani aliandika pendekezo lake kwa penseli. Kiini chake kilikuwa hesabu tu. Makomando wa wakati ule walishambulia pwani kwa vikosi vya watu 200 walioletwa na meli. Meli ilihitaji ulinzi, na theluthi ya askari walibaki ufukweni kulinda njia ya kurudia. Kundi zima likaishia kushambulia shabaha moja au mbili. Stirling akauliza: watu 200 haohao wakigawanywa makundi ya watano watano, si watagusa viwanja vya ndege 30 kwa usiku mmoja? Hata kama makundi mengi yatashindwa, yatakayofaulu yatalipa gharama.

Jenerali Auchinleck alimpa ruhusa Julai 1941. Jina lilikuwa la uongo tangu mwanzo. Brigedia Dudley Clarke, fundi wa hila za kivita, alikuwa ameshatangaza kuwepo kwa "brigedi ya SAS" ya miamvuli ili kuwatisha Waitaliano, na brigedi hiyo haikuwepo kabisa. Stirling akakubali kikosi chake, watu sitini na kitu, kiitwe "L Detachment" ya brigedi hiyo hewa. Kambi ilikuwa Kabrit, karibu na Mfereji wa Suez, na vifaa vyake vya kwanza viliibwa kwenye kambi ya jirani ya askari wa New Zealand.

Mafunzo ya kuruka yalianza kwa kujirusha nyuma ya lori linalokimbia, zoezi lililozalisha mifupa iliyovunjika kuliko ujuzi. Oktoba askari wawili walikufa kwa sababu ya kipande cha chuma: ndoano ya kuunganisha kamba ya mwavuli na reli ya ndege ilipinda ikafunguka, na miamvuli haikufunguka. Ndoano zikabadilishwa usiku uleule, na kesho yake Stirling akaruka wa kwanza.

Baada ya balaa la Novemba, suluhisho lilitoka kwa waliowaokoa. Walionusurika walichukuliwa na malori ya Long Range Desert Group, kikosi kilichoundwa mwaka 1940 na Ralph Bagnold, mhandisi aliyekuwa akisafiri jangwa la Libya kwa gari kabla ya vita. Watu hawa walilijua jangwa. Dira ya sumaku hudanganywa na chuma cha gari, hivyo walitumia dira ya jua: sindano wima katikati ya duara lenye nyuzi, na kivuli chake ndicho kinachosomwa dereva akiendelea kuendesha. Maji ya rejeta hayakuachwa yapotee kama mvuke. Bomba lilitoka kwenye mdomo wa rejeta hadi kwenye debe lenye maji lililofungwa ubavuni mwa lori. Mvuke uliingia humo ukapoa ukawa maji, na injini ilipopoa maji yakavutwa kurudi. Gari lilipozama mchangani, kila mtu alijua kazi yake: koleo, kisha mabati marefu yenye matundu chini ya magurudumu, kisha kusukuma.

Swali lililofuata lilikuwa la wazi hata likatia aibu. Kama malori haya yanaweza kuwarudisha watu, kwa nini yasiwapeleke? Mwavuli ukawekwa kando. Desemba hiyohiyo, Paddy Mayne na watu wachache waliharibu ndege 24 pale Tamet, na kundi la Bill Fraser likaharibu 37 pale Agedabia. Walitembea usiku kutoka ndege hadi ndege wakiweka mabomu madogo, kila moja kama nusu kilo, yaliyobuniwa na Jock Lewes kwa kuchanganya mlipuko na moto. Bomu la kulipua peke yake lilitoboa bawa tu. La kuchoma peke yake lilikuwa zito mno kubebwa kwa wingi. Yaliwekwa juu ya bawa penye tangi la mafuta, tena upande uleule kwa kila ndege, fundi wa adui asije akachukua bawa zima la ndege hii akalifunga kwenye ile. Lewes mwenyewe aliuawa mwisho wa mwezi huo, msafara wake uliposhambuliwa na ndege ukirudi.

Adui naye hujifunza. Viwanja vikawekewa walinzi chini ya kila ndege, na kunyatia kukawa kugumu. Kufikia Julai 1942 SAS walikuwa na jipu (jeep) zao zilizofungwa bunduki za rashasha za Vickers K, zilizotengenezwa kwa ajili ya ndege na hivyo kuwa na kasi kubwa ya kufyatua. Usiku wa tarehe 26 jipu 18 ziliingia uwanja wa Sidi Haneish kwa mistari miwili, zikafyatua kulia na kushoto, zikatoka. Ndege zipatazo 37 ziliharibiwa au kuteketea.

Stirling alikamatwa Tunisia Januari 1943. Hitler alikuwa ameshatoa amri, Oktoba 1942, kwamba makomando watakaoshikwa wauawe, na amri hiyo iliwakuta SAS Ufaransa mwaka 1944, ambako zaidi ya 30 wa kikosi kimoja waliuawa baada ya kukamatwa karibu na kijiji cha Verrières. Oktoba 1945 SAS ikavunjwa. Wizara ya Vita ya Uingereza haikuona kazi yake wakati wa amani.

Malaya, na aibu iliyozaa mchujo

Kilichorudisha kikosi ni msitu. Mwaka 1950 Mike Calvert aliunda Malayan Scouts kupigana na waasi wa Kikomunisti waliojichimbia ndani kabisa ya misitu ya Malaya. (Vita hivyohivyo viliwapeleka huko askari wa Kenya wa Batalioni ya 3 ya King's African Rifles, waliopewa amri zao kwa Kiswahili.) Wazo la Calvert lilikuwa zuri: doria ndogo zikae msituni wiki kwa wiki, ziishi na wenyeji wa msituni, zimnyime adui chakula na taarifa. Watu wake ndio walikuwa tatizo. Alichukua waliojitolea, na makamanda wa vikosi vingine waliona nafasi nzuri ya kumpelekea walevi na wakorofi wao. Nidhamu ikaoza, na Calvert akarudishwa Uingereza akiwa mgonjwa.

Mwaka 1952 kikosi kikawa rasmi 22 SAS, na John Woodhouse akarudi nyumbani kuanzisha mtihani wa kuingia. Yaani mchujo maarufu kuliko yote duniani ulianzishwa kuzuia walevi. Hata muundo wa kikosi una kovu la enzi hiyo: skwadroni za mapigano zinaitwa A, B, D na G. C ilikuwa ya Warhodesia waliopigana Malaya, na walipoondoka herufi yao haikurithiwa.

Msitu ule ulileta pia wazo moja baya lililodumu kupita kiasi: kuruka kwa mwavuli juu ya miti. Nadharia ilisema mwavuli utanasa matawini, askari atafunga kamba na kuteremka. Mara ya kwanza, 1952, ilikwenda vizuri kwa bahati, na bahati ikadhaniwa kuwa mbinu. Miti ya Malaya hufika mita 60, tawi linaloonekana imara huwa limeoza, na anayening'inia kwa mkanda mmoja hana pa kushika likivunjika. Waliumia, wakafa, na hatimaye helikopta ndiyo iliyoua zoezi hilo.

Doria ya watu wanne ilikomaa humu. Kwa nini wanne? Mmoja akijeruhiwa, wawili humbeba na wa nne hulinda. Wakiwa watatu hakuna mlinzi. Wakiwa wanane nyayo zao husomeka kama barabara. Kila mmoja ana fani yake: redio, tiba, baruti, lugha ya wenyeji. Kisha kila mmoja hufundishwa ya pili, maana aliyebeba redio akipigwa risasi, redio haipaswi kunyamaza naye. Doria nne hufanya kikosi cha watu 16, na kila skwadroni ina vikosi vinne vilivyogawanywa kwa njia ya kufika: mlimani, majini, kwa magari, na kutoka angani.

Kati ya fani hizo, ya tiba ndiyo inayodharauliwa na wasomaji wa hadithi za vita, na ndiyo iliyofanya kazi kubwa kuliko bunduki. Doria iliyoingia kijijini Borneo miaka ya 1963 hadi 1966, wakati wa mzozo na Indonesia, ilianza kwa kutibu vidonda na malaria. Mama ambaye mtoto wake amepona huwaambia kwamba jana kulikuwa na nyayo za viatu mtoni. Mpaka wa kulindwa ulizidi kilomita 1,400, na SAS walikuwa skwadroni moja moja tu kwa zamu. Bila macho ya wanakijiji, ingekuwa kuteka maji kwa pakacha.

Oman, mara mbili

Wasomaji wa Maskati na Nizwa hawahitaji kuelezwa Jabal Akhdar ni wapi. Kwa wengine: ni uwanda wa juu, mita zipatazo 2,000, uliozungukwa na kuta za mawe, na mwaka 1957 wapinzani wa Sultan Said bin Taimur walipanda wakajifungia huko: Imamu Ghalib bin Ali, nduguye Talib, na Suleiman bin Himyar. Ndege za Uingereza zilipiga mabomu bila tija. London haikutaka kupeleka brigedi nzima mbele ya macho ya dunia, miaka miwili tu baada ya aibu ya Suez, uvamizi wa Misri wa 1956 ulioshindwa. Frank Kitson, ofisa aliyewahi kupambana na Mau Mau nchini Kenya, akatoa mpango wa kutumia watu wachache, na SAS walikuwa wanamaliza Malaya.

Skwadroni D ilifika Novemba 1958, A ikafuata Januari. Shida ya kwanza ilikuwa miili: watu waliozoea kutembea mita 200 kwa saa msituni, polepole na kimya, sasa walitakiwa kupanda mawe usiku wakiwa na mizigo. Shida ya pili ilikuwa punda. Waliletwa punda wa Kisomali kubeba risasi na maji, wanyama wadogo wa tambarare wasiojua ngazi za mlima, na wengi waligoma au kuelemewa njiani.

Punda haohao, hata hivyo, walitoa huduma moja kubwa. Usiku wa kuamkia shambulio, waongozaji punda waliambiwa "kwa siri kubwa" kwamba njia itakuwa bonde la Tanuf, na kwamba atakayetoboa atakiona. Habari zilifika mlimani kabla ya jua kuchwa siku iliyofuata, kama ilivyokusudiwa. Walinzi wengi wakapelekwa Tanuf. Usiku wa 26 Januari 1959, kwenye saa 2:30, SAS wakaanza kupanda upande mwingine.

Walipanda usiku kucha. Njiani wakakuta bunduki kubwa ya rashasha imeachwa peke yake, wenyewe wamelala pangoni; wakaacha watu wa kuilinda, wakapita. Kulipokaribia kupambazuka ikaonekana hawatafika juu kabla ya mwanga. Wakatua mizigo, wakabaki na bunduki na risasi tu, wakakimbilia ukingoni. Hapo pana somo ambalo kila askari wa miguu analijua na kila mpangaji wa ofisini hulisahau: saa hupotea kwenye mzigo. Ndege zilipodondosha mahitaji kwa miamvuli asubuhi, watetezi waliobaki walidhani ni jeshi la angani, wakatawanyika. Viongozi watatu walitorokea Saudi Arabia. SAS walipoteza watu wachache mno, wawili kati yao kwa risasi moja iliyopiga guruneti ndani ya shanta.

Mara ya pili ilikuwa Dhofar, jimbo la kusini mwa Oman, na hii kwa maoni yetu ndiyo kazi bora kuliko zote walizowahi kufanya, ingawa haina picha za televisheni. Julai 1970 Sultan Qaboos alimwondoa baba yake. Ni Qaboos huyohuyo aliyewaita nyumbani Waomani walioishi ughaibuni, maelfu yao wakiwa wametoka Zanzibar na Kiswahili chao. Kusini, chama cha mapinduzi kilichosaidiwa kutoka Yemen Kusini kilishika karibu milima yote. SAS waliingia kwa jina la wakufunzi, na John Watts aliyeongoza skwadroni D kule Jabal Akhdar ndiye aliyeandika mpango: taarifa za kijasusi, habari kwa wananchi, matibabu, daktari wa mifugo, na kuwaunda Wadhofari wenyewe kuwa wapiganaji. Daktari wa mifugo hakuwekwa kwa utani. Mjabali wa Dhofar mali yake ni ng'ombe, na atakayemponyesha ng'ombe atasikilizwa kuliko mwenye redio.

Wapiganaji hao, firqa, wengi walikuwa waasi waliojisalimisha. Firqa ya kwanza ilichanganya makabila kwa nia njema, ikasambaratika ndani ya miezi michache kwa ugomvi wa kikabila. Zilizofuata zikaundwa kabila kwa kabila. Hawakuwa askari wa gwaride. Oktoba 1971, katikati ya operesheni kubwa, Ramadhani iliingia, na ruhusa ya kutofunga haikuwazuia kuacha vita kwa muda. Maofisa walikasirika, lakini bila firqa hakuna aliyejua njia ipi ina maji. Utaratibu uliokuja kushinda ulikuwa huu: shika kituo mlimani, fungua barabara kwa tingatinga, leta mtambo wa kuchimba kisima, kisha zahanati, shule, duka na msikiti. Ng'ombe hufuata maji, watu hufuata ng'ombe, na mwasi hubaki na mawe. Mwisho wa 1975 vita vilitangazwa kumalizika.

Katikati yake ipo Mirbat, mji mdogo wa pwani ya Dhofar. Tarehe 19 Julai 1972, kama saa 11:30 alfajiri, ukungu wa kharifu, msimu wa manyunyu, ukiwa umefunika mji, wapiganaji wanaokadiriwa 250 au zaidi walishambulia. SAS walikuwa tisa chini ya kapteni kijana, Mike Kealy, pamoja na askari wachache wa Sultan ndani ya ngome. Sajini Talaiasi Labalaba, mzaliwa wa Fiji, alikimbilia mzinga wa ratili 25 uliokuwa karibu na ngome, mzinga ambao kwa kawaida huhitaji kundi zima: wa kulenga, wa kufungua mkia, wa kupakia, wa kuleta makombora. Aliuendesha peke yake, kisha na mwenzake Sekonaia Takavesi, mdomo wa mzinga ukiwa umelala usawa wa macho kwa sababu adui alikuwa karibu mno kupigwa kwa kombora la kupanda juu na kushuka. Alipigwa risasi usoni akaendelea, akauawa pale pale. Ukungu ulipoinuka kidogo, ndege za Strikemaster zilipita chini chini, na kwa bahati skwadroni G ilikuwa imewasili Salalah kupokea zamu, ikaletwa kwa helikopta. SAS walikufa wawili. Serikali ya Uingereza ilinyamaza kuhusu Mirbat kwa miaka mingi.

Dakika 17 zilizowaponza

Walijulikana na umma tarehe 5 Mei 1980, na umaarufu huo wengi wao waliuona kama mkosi. Watu sita wenye silaha waliteka ubalozi wa Iran mjini London tarehe 30 Aprili, mateka 26 ndani. SAS walikuwa na timu ya kazi hii tangu maafa ya Munich ya 1972, wanamichezo wa Israeli walipotekwa na kuuawa kwenye Olimpiki, na wawili wao walikuwa wamewasaidia Wajerumani kuokoa abiria wa ndege iliyotekwa, uwanja wa ndege wa Mogadishu, Oktoba 1977, wakibeba maguruneti ya kishindo yanayoziba masikio na macho bila kuua.

Kazi kubwa ilifanyika katika siku za kusubiri. Mtunza jengo aliwaeleza kwamba madirisha ya chini yalikuwa yameimarishwa. Mpango wa awali, wa kuyavunja kwa nyundo, ukatupwa, zikatengenezwa fremu za baruti. Kuta zilitobolewa kimya kimya kutoka nyumba ya jirani ili kupitisha vinasa sauti, na ndege za abiria ziliagizwa kupita chini zaidi kufunika kelele. Kisha mateka mmoja akauawa na mwili wake kutupwa nje, na saa 1:23 jioni timu zikaingia pande zote kwa pamoja, au zilitakiwa. Nyuma ya jengo mtu mmoja alikwama kwenye kamba, mwenzake akavunja kioo kwa mguu, siri ikatoka. Baruti za upande ule hazikuweza kutumika kwa sababu aliyekwama angekufa. Mapazia yakashika moto yakamchoma miguu hadi alipokatwa kamba. Dakika 17 baadaye watekaji watano walikuwa wamekufa, mmoja amekamatwa. Mateka mmoja zaidi alikuwa ameuawa na watekaji wakati wa uvamizi. Mamilioni waliona yote moja kwa moja kwenye televisheni.

Tangu hapo wanasiasa walikiona kikosi kama rungu la kila ugomvi. Kisiwa cha Georgia Kusini, Atlantiki ya kusini, Aprili 1982, katika vita na Argentina: kikosi cha mlimani kilishushwa juu ya barafu ya Fortuna licha ya kuonywa, dhoruba ikawafunika, helikopta mbili za kuwaokoa zikaanguka, ya tatu ikawatoa wote hai kwa ustadi wa rubani. Iraki, Januari 1991: doria tatu za watu wanane zilipelekwa kuchunguza barabara zilizopitishwa makombora ya Scud ya Iraki. Ya kwanza iliiangalia ardhi, tambarare ya kokoto isiyochimbika, ikarudi na helikopta ileile. Nyingine ilikuwa na magari, ikaendesha kurudi. Ya tatu, Bravo Two Zero, ilibaki bila gari, kila mtu na mzigo wa kilo 90 na zaidi, na redio zenye masafa yasiyo sahihi. Baridi iliyokuja haikutarajiwa. Watatu walikufa, wanne walikamatwa, mmoja alitembea hadi Syria. Doria iliyorudi mara moja haikutungiwa hadithi, japo ndiyo iliyofanya uamuzi sahihi.

Sheria pia imewafuata. Mwaka 1995 Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya, kwa kura 10 dhidi ya 9, iliona Uingereza ilivunja haki ya kuishi ya watu watatu wa IRA, kundi la wapiganaji wa Ireland, waliouawa na SAS Gibraltar mwaka 1988. Na tangu mwishoni mwa 2022 upo uchunguzi rasmi chini ya Jaji Haddon-Cave kuhusu mauaji ya Waafghani katika uvamizi wa usiku wa miaka ya 2010 hadi 2013. Serikali ina desturi ya kutokanusha wala kuthibitisha lolote kuhusu kikosi hiki, hata pale magazeti ya Uingereza yalipoandika kuhusu mtu wao aliyeonekana akiingia hoteli ya dusitD2, Nairobi, wakati wa shambulio la kigaidi la Januari 2019. Ukimya huo hulinda doria iliyo kazini. Ukimya huohuo ukilinda na aliyempiga risasi mtu aliyefungwa mikono, kikosi kitaoza kama kilivyooza Malaya, na safari hii hakuna Woodhouse wa kutunga mtihani wa dhamiri.

Mlima

Mtihani wenyewe bado uko Wales, milima ya Brecon Beacons, mara mbili kwa mwaka. Pen y Fan ina mita 886 tu, Mchaga angecheka. Lakini milima hii iko wazi kwa upepo wa bahari, na saa moja ya jua hugeuka mvua ya barafu. Mtahiniwa hutembea peke yake, kwa ramani na dira, mzigo ukiongezeka hadi kilo 25 bila kuhesabu maji, chakula na bunduki. Hakuna anayemfokea wala kumtia moyo. Mkufunzi humpa alama ya ramani ya kituo kinachofuata, basi. Safari ya mwisho ni kilomita 64 ndani ya saa 20. Baada yake kuna msitu, ambako wengi waliotamba mlimani huangushwa na unyevu na uchafu, kisha kutoroka na kuhojiwa. Wanaofaulu ni kama mmoja kati ya kumi.

Mlima hauna heshima ya nishani. Mike Kealy wa Mirbat, akiwa sasa meja, alijiunga na watahiniwa Februari 1979 kujipima kabla ya kushika skwadroni. Theluji, mvua na upepo vilimkuta na nguo nyepesi. Alikufa kwa baridi. Mtu aliyepoteza joto huanza kukataa nguo na kubisha ushauri, na kwa kuwa watu wa namna hii hubisha kila siku, dalili hiyo haionekani kwao.

Julai 2013 ilikuwa joto. Askari watatu wa akiba walikufa kwa matembezi ya kilomita 26, wawili siku ileile na wa tatu hospitalini. Hewa haikupita nyuzi 30, kiwango ambacho mtu wa Tanga angekiita ubaridi, lakini misuli inayopandisha mzigo hutengeneza joto lake yenyewe, na mwili wa mtu aliyetoka ofisini wiki hiyo haujajifunza kutoka jasho mapema. Kanuni za jeshi zilitaka kipimo chenye kitambaa kibichi, kinachohesabu unyevu na jua pamoja na joto, na zilitaka zoezi lisimamishwe mtu akipata ugonjwa wa joto. Wawili walikuwa wameshatolewa kwa ugonjwa huo, na matembezi yakaendelea. Kila mtahiniwa alibeba kifaa cha kuonyesha alipo, lakini hakikuwekewa kengele ya kumwonya msimamizi kwamba nukta fulani kwenye skrini imeacha kusogea.